Mraba wa Ishirini na Nne

Walikale, 12 Septemba 2021

Kaka Polycarpe,

Pokea salamu zangu na za Katembo, na za Jules ambaye sasa ana meno mawili na anayatumia kuning'ata. Sisi ni wazima. Duka linaenda. Vijana wanaoshuka kutoka machimbo ya Omate wananunua betri, sabuni na sardini, na wakikosa kitu wanamlaumu mume wangu kana kwamba yeye ndiye aliyeharibu barabara. Nisalimie wifi Vestine na Astrid, na zaidi ya wote Mama. Mwambie kitenge chake nimeshakinunua, nangoja dereva Faustin apate mzigo wa kuja huko Kashuga. Na maharage yamekubali mwaka huu? Hapa tunakula ya kuletwa, yanachemka asubuhi mpaka jioni na bado yanakutazama.

Kaka, sikuandika kwa ajili ya maharage. Kuna ofisi ya ujenzi huko Goma, ya mtu anayeitwa Mesiye Léopold, inayotafuta mchoraji mmoja wa ramani. Haiulizi diploma. Inaomba kitu kimoja tu: kabla ya tarehe 30 Aprili, kila anayetaka nafasi apeleke nakala ya gravure ya zamani, picha ya kuchapwa ya majengo, nakala iliyochorwa kwa wino, nzima. Faustin ndiye aliyeniletea tangazo, analo hata pale kwenye lori. Mesiye Léopold anasema anayeweza kufuata gravure mstari kwa mstari, huyo mengine atafundishika.

Gravure mimi naijua moja tu, nawe unaijua. Ile ya ngazi na matao, iliyochapwa Ulaya kwa bamba la shaba, ambayo padri alimwachia Papa wetu, fundi wake, kanisa lilipokwisha kujengwa. Papa alijifunza kuchora kwa ile, na wewe ukajifunza kwa ile. Mimi nilishika karatasi isiteleze.

Naiomba. Nitairudisha ikiwa safi. Katembo amekubali niende Goma nikipata nafasi, na dada yake Mamie atakaa dukani. Nimeitaka kazi hii hata nashindwa kulala vizuri, na ninakuambia wazi ili usidhani ni mchezo.

Mimi mdogo wako,
Noëlla


Kashuga, 3 Oktoba 2021

Mdogo wangu Noëlla,

Barua yako imefika ikinuka mafuta ya mazuti, ni dalili kwamba Faustin aliikalia. Sisi tupo. Maharage yamekubali, muhogo umeanza kuoza upande wa bonde. Kambini kwa wakimbizi wameongezeka watu, na darasani kwangu sasa wanafunzi ni themanini na mmoja. Wa nyuma wananisikia kwa kubahatisha. Macho ya Mama yanazidi kupungua, lakini bado anamtambua kila anayeingia kwa kishindo cha miguu. Alipojua umeandika alisema, "Asome barua yote, asiruke pahali." Nikasoma yote.

Kuhusu gravure: haisafiri. Mvua ndiyo hii, barabara unaijua, na dereva wako nimeshamtaja. Usiniambie niipige picha kwa simu, maana simu inapinda nguzo, na nguzo iliyopinda si nguzo. Marehemu Papa aliniachia mimi mikononi, na nikiipoteza sitakuwa na cha kumjibu.

Lakini mimi si mtu mbaya. Bado ninayo ile fremu ya Papa ya nyuzi, tunayoiweka juu ya picha bila kuichafua kwa penseli. Inaigawa katika miraba ishirini na minne. Nitanakili kila mraba kwa mkono wangu na kukutumia, na wewe utanakili nakala yangu. Ninatuma sita ya kwanza. Unirudishie yako niisahihishe.

Mraba wa ishirini na nne, ile kona ya chini kulia, tutaona baadaye. Unakumbuka ililiwa na panya, nami nikabandika karatasi na kuichora upya nikiwa na miaka kumi na mitano, mwanamke anayeshuka ngazi na mzigo wake. Unakumbuka Papa alivyoithamini. Kesho yake alinichukua kwenye chantier, pale alipokuwa anajenga, na kunipa kalamu zake.

Usichukie, lakini kuandika "Chez Katembo" juu ya mlango wa duka si sawa na kutia kivuli chini ya tao. Usijiumize bure.

Kaka yako,
Polycarpe


Walikale, 7 Novemba 2021

Kaka Polycarpe,

Tunakusalimu sote. Jules ameanza kutambaa na ameshaonja udongo wa Walikale. Kitenge cha Mama hiki hapa, uniambie kama rangi ameipenda. Najua haoni vizuri, lakini Vestine atamweleza.

Umeandika kwamba kona uliichora wewe. Nimesoma mstari huo mara mbili, kisha nikaendelea na mengine.

Miraba yangu sita iko ndani ya katoni ya biskuti. Ninachorea kaunta, asubuhi kabla ya wateja, kwa kalamu ya chuma ambayo Katembo aliitoa Butembo. Mara mbili mteja ameniwekea chupa ya mafuta juu ya tao, na mara mbili nimeanza upya. Kitu kimoja nilikuwa sijakuambia. Nakala zako ninazigeuza kichwa chini ninapochora. Sikufundishwa na mtu. Nilipokuwa nashika karatasi, wewe na Papa mlikaa upande mmoja wa meza na mimi upande wa pili, kwa hiyo picha ile miaka yote niliiona imepinduka. Nikiigeuza kama ninyi mnavyoiona, naona nyumba, na mkono unaanza kujifanya unajua nyumba ni nini. Nikiipindua naona mistari tu, na mistari ninaihesabu. Kwenye tao la kwanza la gravure yenyewe, ndani ya upana wa kidole, nakumbuka tangu utoto ni kumi na tisa. Wewe uliweka kumi na sita.

Naomba miraba inayofuata.

Noëlla


Kashuga, 5 Desemba 2021

Noëlla,

Salamu kutoka kwa wote. Mama amekishika kitenge, amekinusa, amesema ni chekundu. Ni cha kijani, lakini hakuna aliyembishia. Astrid amekuwa wa pili darasani kwao na amelia kwa ajili ya kuwa wa pili.

Nimepokea miraba yako. Mistari yako inakaza mno, utafikiri unafunga mzigo. Pembe za mawe umezichonga kupita kiasi. Kuhusu kumi na tisa na kumi na sita, gravure hainakiliwi kwa kuhesabu kama karani wa forodha. Papa hakuwahi kuhesabu.

Ni lazima pia nikueleze kilichotokea, kwa sababu Vestine atakueleza hata nisipotaka. Alikuwa amepanga miraba yetu mezani, sita yako na sita yangu, akaniuliza, "Hizi za huku njo zile za kuchapa?" Alikuwa anaonyesha zako, akidhani ndizo za gravure yenyewe. Nikamwambia aende atazame sufuria yake. Sikula vizuri siku ile.

Nimeamua na mimi nitapeleka nakala kwa Mesiye Léopold. Tangazo halisemi mwalimu hawezi. Mimi ndiye niliyefundishwa, Noëlla. Nilikaa kwenye kiti kile miaka sita huku wenzangu wanacheza mpira. Ukiniambia sasa kwamba mtu aliyekuwa anashika karatasi amejifunza zaidi yangu, basi miaka ile niliipeleka wapi?

Ninatuma ya saba mpaka ya kumi na nane. Sijavunja ahadi.

Polycarpe


Walikale, 16 Januari 2022

Kaka Polycarpe,

Heri ya mwaka mpya kwenu wote. Jules alipata malaria wiki ya Noeli, tukakaa naye hospitalini siku nne, sasa anacheka. Mpe Astrid pongezi zangu. Mwambie wa pili ndiye anayemkimbiza wa kwanza.

Umesema nawe utapeleka nakala. Nilitaka kukuandikia kwamba nimefurahi. Sikufurahi. Nilitupa kalamu, ikagonga bati, na Katembo akaja mbio akidhani ni mwizi. Una darasa, una gravure, una fremu, una kalamu za Papa zote, na sasa umetaka na hiki pia. Wewe unasema ulikaa kwenye kiti kile miaka sita. Mimi nilikitazama kiti kile miaka sita. Nilikuonea wivu hata nikawa naombea upate homa, ili siku moja Papa aseme, "Noëlla, kuja huku." Ulipata homa mara moja. Papa alifunga fremu akaenda shambani.

Basi sasa tumeshaambiana.

Miraba kumi na miwili ninairudisha. Ule wa kumi na saba niliurekebisha. Kwenye nguzo ya katikati uliweka kivuli upande wa kushoto, na katika picha nzima mwanga unatoka kushoto. Nadhani siku hiyo mvua ilikuwa inavuja juu ya meza, au Astrid alikugusa mkono. Ningeufuata kama ulivyokuja, Mesiye Léopold angeuona kabla sijakaa.

Imebaki sita.

Noëlla


Kashuga, 20 Februari 2022

Noëlla,

Sote wazima. Mvua haijavuja popote, paa nililirekebisha mwezi wa nane.

Hii hapa ya kumi na tisa mpaka ya ishirini na tatu. Wa ishirini na nne bado. Wino umekwisha, na nina mitihani ya watoto themanini na mmoja ya kusahihisha.

Polycarpe


Walikale, 13 Machi 2022

Kaka,

Salamu kwa Mama na kwa wote.

Wino huu hapa, chupa mbili, nimezifunga ndani ya soksi za Jules. Zimebaki siku arobaini na nane. Ninaomba mraba wa ishirini na nne. Siombi kingine.

Noëlla


Kashuga, 24 Aprili 2022

Mdogo wangu Noëlla,

Najua umengoja. Najua pia kwamba barua hii haitakufikia kabla ya tarehe thelathini, na sitasingizia barabara. Faustin alipita hapa mara mbili na mara mbili nilimwambia sina kitu cha kumpa.

Mama anakusalimu. Vestine anakusalimu, ingawa hapa nyumbani mimi haniongeleshi sana. Kunde zimekauka. Hizo ndizo habari.

Kivuli cha mraba wa kumi na saba niliweka kushoto kwa makusudi. Hakuna aliyenigusa mkono. Nilikaa nikakichora polepole, nikakipendezesha, nikakifunga pamoja na mingine. Uliposema ni mvua nilitamani ungenitukana. Ukitukanwa unajibu, lakini kwa lile la mvua nilikuandikia habari za paa.

Nakala yangu mwenyewe ilifika miraba ishirini na mitatu kabla ya Pasaka. Sikuwa na haya nayo. Ikabaki kona. Niliijaribu mara kumi na moja, Noëlla. Ngazi zinatoka, maji yaliyo chini yake yanatoka, mwanamke hatoki. Yule mama anayeshuka amebeba mzigo wa kuni kwa kamba ya paji la uso, kama Mama alivyokuwa anabeba, kama wewe ulivyokuwa unabeba kutoka bondeni. Miaka yote hii nimepita mbele yake na sikuwahi kujiuliza ni wapi Ulaya wanawake hubeba kuni kwa paji la uso. Papa alipomwona alicheka tu, akasema kumbe hata huko wanateseka. Mimi kila nikimchora, mzigo unakaa mgongoni kama mto wa kulalia. Shingo haivutwi. Mimi sijawahi kubeba kuni kwa kamba hata siku moja, na inaonekana.

Mara ya kumi na moja Vestine alikuwa amesimama nyuma yangu na mraba wako wa ngazi mkononi. Akauweka kando ya kona. Akasema, "Polycarpe, hii kona na hii karatasi ya Noëlla ni mukono moja. Njo kusema nini?" Mama alikuwa mlangoni anachambua kunde kwa vidole. Akasema bila kuinua kichwa, "Mimi nilijua tangu zamani. Nilikuwa nangoja yeye mwenyewe aseme."

Basi ninasema. Ulikuwa na miaka kumi na mmoja. Papa alikuwa Masisi siku tatu, panya wakala kona, ukachana karatasi kwenye daftari lako, ukapika gundi ya unga wa muhogo, ukachora mchana mmoja. Nilikuja nikakuta umekwisha, unapuliza ikauke. Papa aliporudi aliuliza, "Nani ametengeneza hii?" huku akinitazama mimi. Wewe ulikuwa jikoni unachagua maharage, ulisikia swali. Na mimi nilinyamaza. Sikusema ni mimi. Nimejitetea na neno hilo miaka kumi na minane, kwamba sikusema. Kisha Oktoba nikakuandikia wewe mwenyewe kwamba ni mimi niliyeichora, kwa wino, kwenye karatasi, kwa sababu nilikuwa nimeogopa kwamba ukiishika utaitambua na kuidai.

Nakuonea wivu. Nakuonea wivu tangu siku ile ulipokuwa unapuliza karatasi, na kila kalamu ambayo Papa alinipa iliuzidisha. Nilidhani nikiwa na gravure utapungua. Wewe ndiye uliyekuwa unaongezeka huko kwenye kaunta ya sardini.

Nakala yangu sikuipeleka Goma. Gravure yenyewe ninakutumia, imezungushiwa kitenge cha Mama. Yeye mwenyewe ndiye aliyekitoa. Nimemwambia Faustin akiikalia nitajua. Mraba wa ishirini na nne sikuunakili. Hauhitaji mkono wangu.

Nimekuharibia kazi. Sijui nikuombeje msamaha, kwa hiyo nimeandika tu kilichotokea.

Polycarpe


Walikale, 29 Mei 2022

Kaka Polycarpe,

Salamu nyingi kwako na kwa wote waliomo ndani. Jules ametembea hatua tano juzi, kisha akakaa juu ya kreti ya soda ya mteja. Katembo anawasalimu. Kitenge cha Mama ninakirudisha, mwambie nimelala nacho siku moja.

Nilikwenda Goma tarehe 27 Aprili, ndani ya lori la mchele, na nakala yenye mraba mtupu. Ishirini na mitatu imejaa, na kona ya chini kulia ni karatasi nyeupe. Najua unachouliza. Ndiyo, ningeweza kumchora yule mama nikiwa nimefumba macho. Nilikaa mbele ya nafasi ile wiki sita kalamu ikiwa mkononi. Lakini nilikuwa nimekuomba wewe, na nilitaka itoke kwako. Nilijiapia kwamba isipotoka kwako nitaipeleka hivyo hivyo, hata wanifukuze. Katembo aliniita kichwa ngumu mbele ya wateja.

Tulikuwa watu tisa. Mesiye Léopold ni mzee mfupi mwenye koti la kuchanika kwenye kiwiko. Alitazama nakala yangu muda mrefu, akaweka kidole pale peupe. "Na huku? Panya ilikula?"

Nilitaka kucheka na nilitaka kulia. Nikamwambia, "Ndiyo, Papa. Panya njo ilikula. Huku ni nafasi ya kaka yangu, bado hajaleta."

Akasema, "Mimi siajiri kaka yako. Kaa hapa." Akanipa meza na saa moja. Niligeuza karatasi kichwa chini, na wale wengine wakacheka. Nikamchora mama na kuni zake. Alipokuja kutazama aliuliza gravure ile ni ya mji gani wa Ulaya, wenye wanawake wa Masisi. Nikamweleza yote ya kona, ila jina lako sikulitaja. Nitaanza kazi tarehe nne Julai.

Barua yako na gravure vilifika wiki mbili baada ya hapo. Niliisoma nikiwa nimesimama, mteja mmoja akaondoka bila kuhudumiwa. Ule mraba wa kumi na saba nilijua ni makusudi. Niliandika mvua kwa sababu nilikuwa nimekasirika mno hata nisiweze kuandika kitu kingine. Kuhusu Papa na swali lake, mimi pia nilikuwa na mdomo siku ile, nikachagua maharage. Nilitaka wewe ndiye uniite kutoka jikoni. Kwa hiyo tulinyamaza wawili, ila wewe ndiye uliyelipwa kalamu, na hilo bado linaniuma, nisikudanganye.

Jana niliweka gravure juu ya mvuke wa sufuria. Gundi ya muhogo ya mtoto wa miaka kumi na mmoja imekaa miaka kumi na minane, kisha ikaachia kwa dakika chache. Nimebandua kona yangu. Nimebaki nayo, nitakwenda nayo Goma, nitaiweka juu ya meza yangu ya kazi.

Gravure inarudi kwako na tundu lake, kama panya walivyoiacha. Faustin ameapa kwamba ataishika kwenye magoti. Kabla ya kuchukua kalamu, nenda bondeni na Vestine, ufunge mzigo mmoja wa kuni, uvae kamba kwenye paji la uso, upande nao mpaka nyumbani. Watu watakucheka. Kisha keti upande wangu wa meza, ugeuze karatasi, uchore.

Sasa mimi ndiye ninayengoja mraba wa ishirini na nne.

Mdogo wako,
Noëlla